Pipa Tupu Ni la Nani?

Kanuni za kimataifa za kusafirisha vitu vyenye mionzi zimejengwa juu ya wazo moja: usalama uwe ndani ya kifungashio chenyewe. Dereva hatakiwi kuwa mwanafizikia, wala kuli wa bandarini hatakiwi kujua kemia; pipa au kasha ndilo linalowalinda. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilitoa kanuni hizo kwa mara ya kwanza mwaka 1961 na limezirekebisha mara nyingi tangu hapo. Kwa kemikali nyingine za hatari Umoja wa Mataifa una kitabu chake cha mapendekezo, chenye jalada la rangi ya chungwa, na humo ndimo zilimotoka alama zinazogongwa kwenye mapipa tunayoyaona kila siku.

Jambo hili limetufikia mlangoni. Mwaka 2025 Tanzania ilizindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani kwenye mradi wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo. Urani itokapo kwenye kiwanda cha namna hiyo huwa ni unga. Hutiwa kwenye mapipa ya chuma ya takriban lita 200, kila moja likibeba karibu kilo 400, na mapipa hupangwa ndani ya makontena. Jirani zetu wa Malawi walianza kusafirisha unga kama huo kutoka Kayelekera, wilayani Karonga, mwaka 2009, kwa malori yaliyopita Zambia hadi bandari ya Walvis Bay, Namibia. Na kabla urani yetu haijaingia barabarani, sianidi ya kuchenjulia dhahabu, asidi na kostiki vimekuwa vikisafirishwa kwenda migodi ya Kanda ya Ziwa kwa miaka mingi.

Nimewakutanisha hapa watu wanne. Sauti zao nimezitunga, lakini matukio wanayoyataja yametokea kweli. Yupo Mkaguzi wa mionzi, binti aliyesomea kazi hiyo. Dereva wa masafa marefu, mtu mzima. Wakala wa forodha. Na Mama anayeuza mapipa matupu. Nitaingilia pale nitakapoona jambo limepitwa haraka.

MKAGUZI: Nianze na pipa lenyewe, maana watu huligombania bila kulisoma. Ubavuni au juu ya pipa la chuma kuna maandishi yaliyogongwa, kwa mfano 1A2/Y425/S, kisha mwaka lilipotengenezwa. Moja ni pipa. A ni chuma. Mbili ni kwamba kifuniko chote hutoka. Lingekuwa na matundu ya kumiminia tu lingeandikwa 1A1. Y maana yake pipa la aina hiyo lilijazwa, likadondoshwa kutoka mita 1.2 na halikumwaga, kwa hiyo linafaa bidhaa za hatari ya kati na ya chini. Bidhaa za hatari kubwa, sianidi ya sodiamu ikiwemo, zinataka herufi X, na hapo mdondosho ni mita 1.8. Hiyo 425 ni kilo za juu kabisa, pipa na mzigo wake pamoja. S ni ya vitu vikavu.

DEREVA: Binti yangu, maandishi hayo nimepanda nayo mlima Kitonga miaka yote na hakuna aliyewahi kunieleza. Nakushukuru. Lakini niambie, huko maabara walilidondosha mara ngapi? Mimi pipa langu linatikiswa kuanzia asubuhi mpaka jioni. Matuta, breki za ghafla, basi limekuchomekea kwenye kona. Linagongana na mwenzake mara elfu kabla ya kufika.

MKAGUZI: Lipo pia jaribio la kurundika, mzee wangu. Hubebeshwa uzito sawa na wa mapipa yaliyopangwa hadi kimo cha mita 3, kwa saa 24.

DEREVA: Yamepangwa yakatulia. Lori halitulii.

WAKALA: Mzee, lakini hapo kosa si la pipa. Ni la aliyefunga mzigo.

Dereva ana tukio zito upande wake, na nalieleza kwa kirefu kwa sababu linahusu urani hasa. Mwishoni mwa Desemba 2010 meli ya MCP Altona iliondoka Vancouver, Kanada, kwenda China ikiwa na mapipa 840 ya unga wa urani ndani ya makontena. Katikati ya Pasifiki ilikutana na bahari chafu. Mapema Januari 2011 mabaharia waligundua kwamba baadhi ya makontena yameharibika, mapipa kadhaa yamefunguka na unga umemwagika ndani ya ngama. Meli ikageuza ikarudi Kanada, na ikachukua muda mrefu kuisafisha. Mapipa yale hayakuwa mabovu, wala hakuna aliyeyadondosha. Yalishindwa kwa sababu yalipata nafasi ya kusogea, na pipa la kilo 400 likishaanza kusogea hakuna pete ya kifuniko itakayolizuia.

MKAGUZI: Sipingani na hilo. Ndiyo maana kanuni zinataka mzigo ufungwe usiweze kucheza. Pipa ni sehemu moja tu ya kifungashio. Mikanda, mbao za kukazia na sakafu ya kontena ni sehemu nyingine.

DEREVA: Basi tusiseme usalama uko kwenye pipa. Uko kwenye mikono ya mtu aliyekaza mkanda, na mtu huyo analipwa kwa kontena. Akimaliza haraka anapata jingine.

WAKALA: Niseme langu, kwa sababu mimi ndiye ninayepigiwa simu na mteja. Watu wakisikia neno mionzi wanafikiri mizigo yote ni sawa. Mwenye urani anauliza kwa nini asitumie pipa la kawaida. Mwanakijiji anauliza kwa nini urani isiwekwe kwenye kasha lisiloungua. Mkaguzi, hebu waeleze wote wawili, maana mimi nimechoka.

MKAGUZI: Kanuni zinapima kilichomo, kisha ndipo zinachagua chombo. Chukua kobalti-60, ile inayotumika kutibu saratani. Mashine za namna hiyo zimefanya kazi hospitali ya Ocean Road hapa Dar es Salaam. Nguvu ya kobalti hupungua nusu kila baada ya miaka mitano na miezi michache, kwa hiyo kipande cha zamani lazima kiondoke na kipya kije. Kipande hicho ni kidogo, kinakaa kiganjani, lakini ukikishika bila kinga unakufa. Kwa hiyo kinasafiri kwenye kasha la aina B: aina hiyo hudondoshwa kutoka mita 9 kwenye sakafu isiyobonyea, hudondoshwa tena kutoka mita 1 juu ya nondo nene ya chuma, kisha huchomwa kwa moto wa nyuzi 800 kwa dakika 30. Baada ya yote hayo lisiachie kilichomo zaidi ya kiwango kidogo sana.

DEREVA: Na pipa la urani?

MKAGUZI: Pipa la unga wa urani halipiti jaribio lolote kati ya hayo. Linaingia daraja la chini kabisa la vifungashio vya viwandani. Linatakiwa kuwa imara, kufungwa vizuri, kubebeka, kutovuja kwa misukosuko ya kawaida ya safari. Basi.

DEREVA: Subiri kwanza. Linaloitwa urani, ambalo nchi nzima inaliogopa, halikudondoshwa hata mita moja?

MKAGUZI: Kanuni hailazimishi, ingawa makampuni mengi hutumia mapipa yaliyopimwa. Sababu ni kwamba mionzi ya unga ule ni hafifu. Unaweza kusimama kando ya pipa ukasaini karatasi zako usipate madhara. Hatari yake iko kwenye vumbi: ukilivuta au kulimeza, urani ni sumu kwa figo kama zilivyo metali nyingine nzito. Likimwagika barabarani unasogeza watu upande unakotoka upepo, unalifunika turubai, unaita wanaohusika. Hakuna anayekimbia maili kumi.

Hapa nakubaliana na Mkaguzi, tena nataka wakazi wa Namtumbo, Tunduru na Songea wasikie jambo hili kwa lugha wanayoielewa kabla lori la kwanza halijapita, na walisikie kwenye mkutano wa kijiji wakiwa na nafasi ya kuuliza. Mtu aliyeambiwa ukweli kuhusu vumbi na figo atajua asisogelee pipa lililopasuka. Mtu aliyeambiwa tu kwamba kila kitu kiko salama atalisogelea.

WAKALA: Nina mashaka na kitu kingine. Karatasi. Mimi napokea tamko la mzigo, nasaini, lori linaondoka. Pipa lina alama zake zote. Lakini kilichomo siwezi kukiona. Nani anajua kama kilichoandikwa ndicho kilichofungwa?

MKAGUZI: Swali zuri kuliko yote mpaka sasa, na jibu lake linatisha. Huko New Mexico, Marekani, kuna ghala la taka za nyuklia lililochimbwa kwenye mwamba wa chumvi, mita 655 chini ya ardhi. Usiku wa Februari 14, 2014, pipa moja huko chini lilipata joto lenyewe, likafumuka, na mionzi ikapanda mpaka juu. Wafanyakazi zaidi ya 20 walikutwa na chembe zake mwilini, kwa kiasi kidogo. Ghala lilisimama karibu miaka 3. Pipa lilikuwa na nambari yake, 68660, na lilikuwa limesafiri kutoka maabara ya Los Alamos ndani ya kasha la aina B bila tatizo lolote. Kosa lilifanyika siku lilipofungashwa: taka zenye chumvi za naitreti zilichanganywa na kinyonyaji cha asili ya ngano, badala ya cha udongo. Ngano ni chakula cha moto ikikutana na naitreti.

DEREVA: Kwa hiyo lilipanda lori likiwa limekwisha kuwa bomu.

MKAGUZI: Na kila stika ilikuwa mahali pake. Hata urani yenyewe ina mtego wake. Mwaka 2012, kwenye kiwanda cha Blind River huko Ontario, mfanyakazi alifungua pipa la unga kutoka mgodi wa Marekani na kifuniko kikaruka kwa nguvu, unga ukawamwagikia watu. Unga uliotengenezwa kwa haidrojeni peroksaidi huendelea kutoa oksijeni ukiwa bado una joto. Ukilifunga pipa mapema, gesi inakosa pa kwenda. Dawa yake haigharimu hata shilingi: ni kuliacha wazi lipoe kwa saa kadhaa kabla ya kubana pete.

WAKALA: Saa kadhaa kwa kila pipa ni gharama, dada. Usiseme hata shilingi.

MAMA: Samahanini wanangu. Nimewasikiliza tangu mmeanza. Mnazungumza pipa lililojaa. Lililojaa lina bwana, lina karatasi, lina dereva, lina askari mizani. Mimi nauza lililokwisha kumwagwa, na hakuna hata mmoja aliyelitaja.

DEREVA: Sema, mama.

MAMA: Mteja wangu ananunua pipa la kuwekea maji. Mwingine la pombe. Mwingine analipasua atengeneze jiko au paa la banda. Mimi nanunua kwa vijana wanaoleta kwa mkokoteni. Mengine yananukia machungwa, najua yalikuwa ya juisi. Mengine hayanuki kitu. Hayo yasiyonuka ndiyo siyajui. Stika imebanduliwa, imebaki gundi. Nalisafisha kwa sabuni na mchanga, naliuza. Mnataka nifanyeje?

Mama amefika penye kiini cha hoja yangu. Kanuni hazikulisahau pipa tupu. Mapendekezo ya Umoja wa Mataifa yanasema wazi kwamba kifungashio kilichobeba kitu cha hatari kinabaki chini ya masharti yale yale ya kilichojaa mpaka hatari iondolewe, na stika zake zinabaki. Kanuni ipo, ila msimamizi wake hayupo. Pipa lililojaa kila mtu ana faida ya kulilinda, kwa kuwa mzigo ni mali. Likishamwagwa linakuwa takataka kwa mwenyewe na bidhaa kwa mwingine, na hapo kati hakuna anayesaini chochote.

Tumeona linavyokwenda. Mwaka 2003, baada ya uvamizi wa Iraki, watu wa vijiji vilivyo kando ya kituo cha nyuklia cha Tuwaitha, kusini mwa Baghdad, waliingia ghala ambalo halikuwa na mlinzi. Hawakutaka urani. Waliimwaga chini wakachukua mapipa, kwa sababu maji yalikuwa shida na pipa ni chombo cha maji. Wakatilia maji ya kunywa, wakawekea maziwa na nyanya. Majeshi ya Marekani yalilazimika kuyanunua tena kutoka kwao kwa dola 3 kila pipa. Lingeweza kudondoshwa mita 9, pipa lile, lingeweza kuchomwa moto saa nzima, na bado lisingemkinga mama mwenye kiu aliyelikuta wazi.

WAKALA: Mama, nakuheshimu, lakini huo ni mfano wa vita. Hapa kwetu unga wa urani utasafirishwa nje, utamwagwa huko nje. Pipa lake halitakufikia.

MKAGUZI: Hapo Wakala amesema kweli. La urani halitarudi, isipokuwa lile lililobonyea kabla ya kujazwa au lililokataliwa mgodini, na hilo lazima lihesabiwe. Kinachokufikia, mama, ni mapipa ya kemikali tunazoingiza. Ya sianidi ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu punje zake zikibaki kwenye mkunjo wa chini hazionekani, na sabuni yako na mchanga havifiki pale. Mapipa ya plastiki nayo yana jambo lake: kanuni inayapa miaka 5 tu kubeba bidhaa za hatari tangu yalipotengenezwa. Plastiki hunyonya kilichomo. Maji yako yatakaa juu ya kilichonyonywa.

DEREVA: Nami niseme la upande wangu, nisiwaache vijana wa mkokoteni peke yao. Nikishusha mzigo mgodini, naambiwa nirudi na mapipa matupu. Sheria inasema nirudi na alama za hatari kama nilivyokwenda. Nikiwa na alama nasimamishwa, naulizwa kibali cha kurudi, nalala njiani. Kwa hiyo tajiri ananiambia bandua stika, sema ni vyuma chakavu. Nikikataa, funguo anapewa mwingine. Ile gundi anayoikuta mama, labda ni mkono wa mwenzangu.

MAMA: Kumbe.

MKAGUZI: Dawa ipo na ni rahisi. Pipa lisuuzwe mara tatu palepale lilipomwagwa, maji ya kusuuzia yaingie kwenye mtambo, kisha litobolewe au libondwe kabla halijatoka getini. Pipa lililotobolewa halishiki maji, na haliwezi kuuzwa kama chombo. Litakwenda kuyeyushwa.

MAMA: Na mimi nikale wapi? Umetoboa kapu langu, mwanangu.

MKAGUZI: Mama, ya juisi, ya mafuta ya kula na ya nyanya yabaki yako. Hayo yatobolewe kwa nini?

MAMA: Hayatoshi. Halafu aliye na mapipa ya juisi akishajua kwamba hayo ndiyo pekee yanayouzika, atapandisha bei mara mbili. Mwenye kisima hataathirika. Anayenunua maji kwa dumu ndiye atakayekosa pipa.

Hoja hii haina jibu la kumfurahisha kila mtu, nami sitajifanya ninalo. Pipa la bei rahisi ni sehemu ya maisha ya watu ambao bomba haliwafikii kila siku, na sheria inayolitoboa bila kufikiria maji itavunjwa usiku. Lakini sikubali pia kwamba umaskini wa mnunuzi uwe sababu ya kumuuzia sianidi. Aliyeingiza kemikali ndiye aliyepata faida ya kwanza, na ndiye mwenye uwezo wa kubeba mzigo huu.

Pendekezo langu ni hili. Tanzania inayo sheria ya kemikali za viwandani na majumbani tangu 2003, na Mkemia Mkuu wa Serikali ndiye anayesajili waagizaji. Tume ya Nguvu za Atomiki nayo ina sheria yake ya mwaka huo huo kwa upande wa mionzi. Kibali cha kuingiza kemikali kiandikwe idadi ya mapipa, na kibali kinachofuata kisitolewe mpaka mapipa ya kwanza yaonyeshwe yalipoishia: yametobolewa, yamerudishwa kwa muuzaji, au yamesafishwa na kupimwa. Muagizaji aweke amana kwa kila pipa, arudishiwe kwa kila lililothibitishwa. Fedha za mapipa yaliyopotea zinunue matangi ya maji kwa mitaa ambako mapipa hayo huuzwa.

WAKALA: Amana nakubali. Lakini ataishika nani? Ikiingia mfuko mkuu wa serikali haitoki tena, na mteja wangu ataihesabu kama kodi, ataongeza bei ya sianidi, na mchimbaji mdogo wa Chunya atakwenda kuinunua kwa magendo kwenye mifuko ya plastiki. Hapo hutakuwa hata na pipa la kulihesabu.

MKAGUZI: Basi ishikwe na benki, kwa jina la pipa lenyewe. Kila pipa la X lina alama na mwaka. Tunaweza kuligonga nambari yake bandarini.

DEREVA: Na safari ya kurudi? Mimi nataka iandikwe kwenye mkataba wa kwenda, ilipwe kabla sijawasha gari, na kibali chake kitolewe siku ile ile. Ikiwa hivyo, stika sitaibandua.

MAMA: Mimi nina sharti moja. Mapipa yaliyosafishwa na kupimwa mtuletee sisi tunaouza, msiyapeleke kwenye mnada wa watu wakubwa. Na mniwekee alama ambayo hata mteja asiyejua kusoma ataitambua, iliyopigwa kwenye chuma, isiyobanduka.

WAKALA: Alama ya kupigwa kwenye chuma itaigizwa ndani ya mwezi mmoja, mama.

MAMA: Itaigizwa, ndiyo. Lakini nitakuwa najua ni nani aliyeniletea, na jina lake litakuwa kwenye daftari langu. Leo sina hata pa kuandika.